Starehe ya Mgeni: Tafakuri Kuhusu Arusi ya Uwanjani

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobadili maana bila ya kubadili sura, neno starehe linastahili kutajwa mwanzo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusu raha na mapumziko, na katika adabu za Waswahili lilikuwa neno la kumtuliza mgeni. Aliyetaka kuinuka ili kumpisha anayeingia aliambiwa, "Starehe!" yaani kaa ulipo, usijisumbue. Siku hizi neno lilo hilo limehamia katika matangazo ya hoteli na magari, likachukua maana ya anasa inayoonekana na watu. Starehe ya kwanza humhusu aliyeketi, ya pili humhusu anayetazamwa. Insha hii inadhamiria kueleza jinsi maana hizo mbili zilivyovutana katika kamati ya arusi ya dada yangu, iliyofanyika uwanjani nyumbani kwetu katika Kaunti ya Machakos, Jumamosi moja ya Agosti 2025.

Wanachama wenzangu watakubaliana nami kwamba anayesomea Kiswahili hakwepi kamati za arusi. Ikishajulikana kwamba unakimudu Kiswahili sanifu, unakabidhiwa kalamu ya katibu, unaombwa utunge kadi za mwaliko na kuandika ratiba, na siku yenyewe ikiwadia unatiwa kipaza sauti mkononi uwe mshereheshaji. Mimi nami nilipewa kalamu. Kadi za mwaliko zilikuwa 250, lakini arusi ya kijijini haina mlango. Jirani hasubiri kadi ndipo aje kumsindikiza mwana aliyemwona akikua. Kwa hivyo tulikadiria watu 400. Fedha tulizotarajia kuchanga zilikuwa shilingi 480,000, na katika rasimu ya kwanza ya bajeti, mapambo, zulia jekundu, upinde wa maua, msafara wa magari na kamera ya kupaa angani vilimeza zaidi ya nusu. Mahema yalitengewa kilichosalia baada ya chakula. Maji ya kunywa hayakutajwa popote.

Nilipouliza kuhusu maji na kivuli, mjomba wetu aliyekuwa mwenyekiti alinijibu kwa upole wa mtu mzima anayemfunza mtoto.

"Mwanangu, watu hawaji arusini kulala. Wanakuja kuona."

Kauli hiyo ilinikaa moyoni kwa siku kadhaa, kwa sababu haikuwa na uongo. Watu huja kuona. Hata hivyo, nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofu kiasi cha kutoweza kuona upinde wa maua kutoka hatua ishirini, naye ndiye aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kuwapo. Nyanya yetu alikuwa na umri wa miaka 86. Alimlea dada yangu tangu akiwa na miaka minne, wazazi wetu walipokuwa wakifanya kazi Mombasa. Alikuwa na maradhi ya magoti na shinikizo la damu, na daktari wake alikuwa amemkanya asikae juani kwa muda mrefu. Baadhi ya wanakamati walipendekeza abaki ndani ya nyumba, kisha maharusi waingie kupokea baraka zake faraghani. Aliposikia pendekezo hilo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimlea mchana mbele ya watu. Sitambariki kwa kujificha." Kuanzia hapo sikuhitaji kutafuta hoja nyingine. Tulitakiwa kupanga arusi ambayo mwanamke wa miaka 86 angeweza kuihudhuria tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kuhatarisha uhai wake. Mwaka uliotangulia, katika arusi ya jirani, mzee mmoja alizirai kwa joto mbele ya macho yetu, na shangwe ikageuka mbio za kutafuta gari. Kijiji kizima kilikuwa kingali kinakumbuka.

Suala la kwanza lilikuwa tarehe. Wakenya wengi huoa na kuozwa mwezi wa Aprili, Agosti au Desemba kwa kuwa shule zimefungwa na jamaa walioko mbali wanaweza kusafiri. Miezi hiyo mitatu hailingani. Aprili imo katikati ya masika, ambayo kwa kawaida huanza Machi hadi Mei. Masika ya 2024 yalileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, na hakuna aliyetaka kusikia habari za kusimamisha mahema katika mwezi huo. Desemba nayo ni mkia wa vuli, na kwa watu wa Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi kwa kilimo, hivyo kwamba hata isiponyesha siku ya arusi, waalikwa wamo mashambani. Agosti ni kavu. Kasoro zake ni tatu: baridi ya asubuhi, vumbi, na upepo. Kasoro hizo tulizipokea kwa furaha kwa sababu zote zina dawa. Vumbi hunyunyiziwa maji alfajiri, baridi hutandikiwa leso na mablanketi, na upepo ukijulikana unakotoka unaweza kupangiwa. Mvua kubwa juu ya uwanja wa udongo mwekundu haina dawa hiyo.

Suala la pili lilikuwa jua. Hapa ndipo nilipogundua kwamba wengi wetu, ingawa tumezaliwa karibu na ikweta, hatujui njia ya jua hilo. Tunadhani saa sita huwa utosini mwaka mzima. Kwa kweli, huku kwetu jua hupita utosini karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba. Mnamo Juni hupita upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Jambo lililonifaa zaidi ni kwamba njia ya jua mwishoni mwa Aprili ni karibu sawa na ile ya katikati ya Agosti. Kwa hivyo siku moja ya Aprili, mvua ilipopisha, nilisimika mti wa mita moja katikati ya uwanja wetu na kupima kivuli chake. Saa sita kilikuwa kifupi, hakikufika hata nusu mita. Saa kumi alasiri kilikuwa kimeupita mti wenyewe kwa urefu, kikielekea mashariki. Saa kumi na moja kilikuwa zaidi ya mita mbili.

Vipimo hivyo vina maana kubwa kwa mwenye kukodi hema. Hema ambalo ukingo wake uko mita mbili na nusu kutoka ardhini huwakinga wote walio chini yake saa sita. Likiwa limefunguka upande wa magharibi, saa kumi jua huingia ndani zaidi ya mita tatu, yaani safu tatu au nne za viti. Hizo ndizo safu za mbele wanakoketishwa wazee kwa heshima! Tunawapa nafasi ya kifahari, kisha tunawachoma nayo. Aghalabu mahema hupangwa kwa umbo la mraba, yakitazamana, na kila arusi huwa na hema moja la bahati mbaya ambalo wakaaji wake hulihama alasiri mmoja mmoja wakibeba viti vichwani. Sisi tulikodi mahema manne ya watu mia mia. Tuliyasimamisha mawili upande wa magharibi, moja kaskazini na moja kusini, upande wa mashariki tukauacha wazi kwa kwaya na wachezaji ngoma ambao hawakai mahali pamoja. Nyuma ya mahema ya magharibi tuliteremsha mapazia mazito hadi chini. Wazee waliketi humo: asubuhi walilipata jua la mashariki, ambalo katika baridi ya Agosti ni la kuotwa, na alasiri jua liliwakuta wamelipa kisogo nyuma ya pazia.

Upepo wa msimu huo kwetu huvuma kutoka kusini na kusini mashariki. Jiko lilihamishiwa kaskazini magharibi mwa uwanja ili moshi uende zake kondeni badala ya kuwapitia waalikwa. Nyanya ndiye aliyeuliza swali ambalo kamati nzima haikuwa imeliwaza: "Na wapishi je, watakaa wapi?" Wanawake kumi na wawili wangesimama mbele ya moto tangu saa kumi na moja alfajiri. Waliwekewa turubai lao, viti vyao, na mtungi wao wa maji, na zamu zikapangwa ili kila mmoja apate muda wa kwenda kutazama arusi. Katika jumuiya yetu wapishi hushukuriwa kwa makofi mwisho wa sherehe, pindi mshereheshaji anapowakumbuka. Kivuli ni shukrani ya mapema zaidi.

Maji tuliyahesabu kwa njia nyepesi: lita moja kwa kila mtu, watu 400, mitungi ishirini ya lita ishirini. Hayo yalikuwa ya kunywa pekee, yaliyochemshwa jana yake na kupozwa. Ya kunawa mikono yalitoka kwenye tangi. Chupa za dukani tuliziacha. Ilitusaidia pia kujua kwamba wanaofanyia arusi katika misitu iliyohifadhiwa hawana hiari katika jambo hili, kwa maana plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa nchini Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Lililowezekana huko lingeshindikanaje kwetu?

Kuhusu choo, nitasema waziwazi ijapokuwa si ada ya majarida kama haya. Wanawake wazee wengi hawanywi maji arusini kwa makusudi, kwa sababu wanajua hawataweza kuchutama chooni au kutembea hadi huko. Basi huketi na kiu tangu asubuhi hadi jioni, na sisi tunawasifu kwa uvumilivu. Seremala wa kijijini alitutengenezea viti viwili vya mbao vya kuweka juu ya tundu la choo cha shimo, vyenye mihimili ya kushikilia, na njia ya kufikia huko ikasawazishwa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya maua ya meza moja. Kamba za mahema, ambazo huwakwaza wengi, zilifungwa vitambaa vyeupe ili zionekane.

Sasa nije kwenye wakati, ambao ndio sehemu ya katibu na mshereheshaji hasa. Unaweza kumpa mgeni hema, kiti na maji, kisha ukamtesa kwa ratiba. Katika arusi nyingi nilizohudhuria, kadi husema saa nne, ibada huanza saa sita, chakula hutolewa saa tisa, na hotuba huendelea hadi jua linapokuchwa. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari hawezi kungoja hivyo, wala mtoto wa miaka mitatu. Isitoshe, wali na nyama vilivyokwisha kuiva havifai kukaa kwa saa nyingi bila moto. Niliandika ratiba iliyoweka chakula saa saba kamili, wazee, watoto na wagonjwa wakihudumiwa kwanza mahali walipoketi. Hotuba zilipewa dakika tatu kila moja. Baraka za nyanya, ambazo kwa desturi zingekuja mwisho kabisa, ziliwekwa mara baada ya chakula. Vipaza sauti vilielekezwa mbali na mahema ya wazee na sauti ikashushwa. Tangu 2009 nchi yetu ina kanuni za kudhibiti kelele, lakini hata pasingekuwa na kanuni, masikio ya nyanya yangetosha kuwa sheria.

Yote haya yalihitaji fedha, na fedha zilikuwa zile zile. Hapa ndipo penye uzito wa mambo. Ili kupata hema la nne, mapazia, viti vya choo, maji na turubai la wapishi, ilibidi tuache upinde wa maua, zulia jekundu na kamera ya kupaa angani. Vitu hivyo havikuwa upuuzi kwa dada yangu. Alikuwa ameviwazia tangu alipokuwa msichana, akihudhuria arusi za wenzake na kurudi nyumbani kutusimulia. Jioni nilipompelekea bajeti mpya aliisoma, akaikunja, akaenda chumbani. Nilimsikia akilia. Asubuhi yake alinijia jikoni.

"Hivyo arusi yangu itakuwa ya kawaida tu?"

"Itakuwa ya watu kukaa," nilimwambia.

"Na nyanya atakaa hadi mwisho?"

"Atakaa hadi mwisho, Mungu akipenda."

Akanirudishia karatasi. Alidai kitu kimoja tu, maua freshi katika meza yao na mkononi mwake, na hilo hakuna aliyelipinga. Sitaki kumfanya msomaji aamini kwamba alifurahi. Alikubali, na kukubali kwa mtu aliyepoteza kitu alichokitamani kuna thamani kubwa kuliko furaha ya asiyepoteza chochote. Mjomba naye alipiga kura ya kuunga mkono, ingawa alisema hadharani kwamba wakwe wangetuona mafukara. Baadhi yao walituona hivyo kweli. Maneno yalitufikia baada ya wiki mbili kwamba arusi yetu haikuwa na rangi.

Siku yenyewe ilipita kama siku za arusi zipitavyo. Upepo uliinua pazia moja na vijana wakalifunga upya. Kasisi alichelewa kwa dakika arobaini, lakini chakula hakikumsubiri. Nyanya aliketi safu ya pili katika hema la magharibi, leso mbili mabegani asubuhi, moja magotini alasiri. Alikunywa maji mbele yangu mara tatu, nilihesabu. Baada ya chakula alisimama kwa mkongojo wake, akashikwa mkono na bwana arusi, akasema Kikamba kwa sauti ndogo ambayo ilisikika kwa kuwa watu 400 walikuwa wameshiba, wako kivulini, na wamenyamaza. Hakutumia dakika tatu alizopewa. Saa kumi na moja na nusu, keki ilipokuwa ikikatwa, alikuwa angali pale.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari jinsi starehe inavyogawanywa katika sherehe zetu. Ukisimama katikati ya uwanja wa arusi na kutazama pande zote, unaweza kuisoma jamii kama unavyoisoma tamthilia: nani ana mto kitini, nani ana chupa ya maji mezani, nani yuko juani, nani yuko motoni. Mara nyingi mwenye kuhitaji kivuli zaidi ndiye anayekipata kidogo, kwa sababu kivuli tumekigeuza tuzo ya cheo. Waswahili wa Pwani walilielewa suala hili kabla yetu. Katika Mji wa Kale wa Lamu, nyumba ya mawe hutanguliwa na daka, ukumbi mdogo uliofunikwa, wenye baraza za kukalia pande mbili, ili hata mgeni asiyeingia ndani apate pa kuketi penye kivuli. Shughuli nyingi za arusi za huko nazo hufanywa jioni na usiku, joto likiwa limepungua. Starehe ya mgeni ilijengwa ndani ya ukuta na ndani ya saa, haikuachiwa mpambaji.

Yamkini mtu atasema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa mahema, si ya wanafunzi wa fasihi. Mimi naona kinyume chake. Sisi ndio tunaoombwa kuandika kadi, ratiba na hotuba, na ratiba ni maandishi yanayoamua ni nani ataketi kwa muda gani bila chakula. Pindi utakapopewa kalamu ya kamati, ndugu msomaji, kabla hujatafuta methali ya kupamba kadi, uliza jua litakuwa wapi saa kumi, mama mzee atapita wapi akielekea chooni, wapishi watakunywa nini, na ni nani atakayezungumza kabla watoto hawajala. Majibu yake yaandike kwa Kiswahili chepesi, kwa shilingi na kwa saa, uyasome mbele ya mwenyekiti. Atakapokwambia kwamba watu huja kuona, mkubalie, kisha umwombe awatafutie mahali pa kukaa wanapoona.